Jitu halimaanishi zito: mnayoyakosea kuhusu Dabarani

Juzi tena. Darubini imeshasimama uwanjani, wazazi na watoto wako kwenye foleni, na Dabarani, ambayo vitabu vingi huiita Aldebaran, iko juu na rangi yake ya chungwa. Nikataja tu "nyota jitu", baba mmoja akanidaka: "Kwa hiyo mwalimu, hiyo ina uzito wa majua mangapi? Elfu?"

Moja na kidogo, mzee wangu. Moja na kidogo.

Swali hili nimelijibu mpaka koo limekauka, na bado kila msimu linarudi. Masi ya Dabarani, yaani kiasi cha maada iliyomo ndani yake, ni takriban mara 1.2 ya masi ya Jua. Ujitu wake ni wa umbo, si wa uzito. Toka kitovuni mpaka usoni pake ni kama kilomita milioni 31, karibu mara 45 ya Jua letu. Anayepika maandazi ataelewa haraka kuliko aliyesoma fizikia nusunusu: donge ni lilelile, limeumuka tu.

Na limeumuka kwelikweli. Chukua ndoo ya lita 20. Ukiijaza Jua, kwa wastani wa Jua zima, utakuwa na kilo 28 hivi, mzigo wa kujitwika na kwenda nao. Imwage. Ndoo sasa unaiita tupu, lakini hewa iliyobaki ndani ina gramu 24. Haya, ijaze Dabarani, nayo kwa wastani: haifiki nusu gramu. Hilo ndilo jitu lenu. Sehemu yake kubwa ni nyembamba kuliko hewa mnayovuta hapo mlipopanga foleni.

Nasema kwa wastani kwa sababu katikati mambo ni kinyume kabisa. Hidrojeni ya kitovuni iliisha, ikabaki heli, na kitovu hicho kimejikunja na kujibana hadi kijiko cha chai cha heli hiyo kina uzito wa mamia ya kilo. Hidrojeni sasa inaungua kwenye ganda linalokizunguka kitovu, tena kwa kasi kuliko zamani, na nguvu hiyo ndiyo iliyozisukuma tabaka za nje zikavimba na kupoa. Kwa hiyo nyota haikula chochote ikanenepa. Imezeeka.

Swali la baba yule lina mdogo wake: "Basi uvutano wake si utakuwa wa kutisha?" Fanya hesabu mwenyewe. Masi karibu ileile ya Jua, lakini uso uko mbali na kitovu mara 45 zaidi, na uvutano hupungua kwa mraba wa umbali. Unapata sehemu ya 60 ya uvutano wa Dunia. Mtu wa kilo 70 angejiona ana kilo moja na ushee, kama kungekuwa na mahali pa kukanyaga, na hapapo.

Dhana ya pili kwa kuniudhi ni ya rangi: eti chungwa ni rangi ya moto, basi nyota hiyo ni ya moto zaidi. Nenda kwa mhunzi. Chuma huanza chekundu, kikazidi moto kikawa cha chungwa, kikazidi tena kikaelekea njano na weupe. Nyota ni hivyohivyo. Uso wa Dabarani una nyuzi kama 3,600 za Selsiasi, wa Jua 5,500, na Sirius, ile nyeupe inayowaka vikali upande wa pili wa kundi la nyota la Jabari (Orion), inakaribia 10,000. (Msiniletee mfano wa jiko la gesi. Bluu ya gesi ni habari ya kemia ya mwali, nayo imeshaharibu vipindi vyangu vya kutosha.) Hapo mjanja huuliza mbona basi Dabarani inatoa mwanga mara 400 kuliko Jua. Kila mita ya mraba ya uso wake inatoa sehemu ya tano tu ya kile inachotoa mita ya Jua, ila mita hizo ni nyingi mara 2,000. Gawanya.

Ukitaka kuiona rangi vizuri, usiikazie darubini. Ilegeze kidogo, nyota ivurugike iwe kiduara, na uchungwa utajitokeza wazi. Huwa wananibishia, wakishajaribu hawataki kuachia darubini.

Mengine ya harakaharaka. Dabarani ingewekwa mahali pa Jua isingeimeza Dunia. Hata Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ingebaki nje. Haitalipuka kama supanova pia, masi yake haitoshi: itapukutisha tabaka zake za nje na kuacha kibete cheupe, yaani kitovu kitupu, kidogo na kilichobanana. Anayengoja mlipuko aitazame Ibuti la Jauza (Betelgeuse), ile nyota jitu nyekundu ya Jabari, na aje na godoro. Zile nyota ndogo zilizopangika kama herufi V kando yake si ndugu zake. Ziko umbali wa miaka nuru 150 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), yeye yuko kwenye 65, amesimama tu mbele yao. Hata jina halikutokana nazo: kwa Kiarabu ni "anayefuata", maana huchomoza nyuma ya Kilimia kwa karibu saa nzima.

Na hapana, si Mirihi. Mirihi hupita mitaa hiyo mara kwa mara na rangi zinakaribiana, kwa hiyo sikulaumu sana. Chora mahali ilipo ukilinganisha na Kilimia, rudi baada ya wiki mbili. Ikiwa imesogea, umekuwa ukitazama sayari.