Akitoka soba, atalala wapi?

Wazazi wanaoniletea vijana wao kwenye nyumba za soba, wanakokaa ili waache dawa za kulevya, huuliza mambo mawili: atakaa miezi mingapi, na ada kiasi gani. Swali ninalolisubiri mimi halitoki kinywani mwa mtu: akishatoka, atalala wapi?

Mimi ni mnasihi kwenye nyumba za soba hapa Unguja. Ya kwanza visiwani ilifunguliwa 2009, na nyingi zilizofuata zinaendeshwa na watu waliowahi wenyewe kutumia unga, yaani heroini. Hapo ndipo penye nguvu yake. Mgeni akidanganya kuwa anaumwa na kichwa tu, anayemsikiliza alishawahi kudanganya hivyo hivyo.

Familia nyingi huamini kazi kubwa ni arosto, yaani maumivu ya kukosa unga. Arosto ni mateso kweli. Huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu: mifupa inauma, tumbo linaendesha, kamasi zinatiririka, usingizi hakuna. Lakini kwa wengi huwa imelegea ndani ya wiki moja hivi. Kama kazi ingekuwa hiyo tu, chumba chenye komeo kingetosha, na ziko familia zilizojaribu hivyo. Miezi inayofuata ndiyo inayohitaji nyumba: kuamka kwa wakati, kuingia zamu ya jikoni, kukaa kwenye kikao cha asubuhi na kusema ukweli mbele ya wenzako, kugombana bila kuondoka. Kijana aliyekuwa akipakuliwa na mamake mpaka ana miaka thelathini anajifunza kusugua sufuria. Msicheke, ni tiba hiyo.

Kisha anatoka. Anarudi Ng'ambo, kwenye chumba kile kile, na maskani ya zamani, kijiwe alichokuwa akitumia, iko hatua chache kutoka mlangoni. Kazi hana. Nyumbani kila kitu kikipotea anaangaliwa yeye. Na hapa pana jambo ambalo kila mzazi alijue: mwili uliokaa miezi bila unga umeshasahau kuuhimili. Akiteleza akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata. Wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari zaidi, nasi ndizo tunazomwachia peke yake.

Kinachokosekana ni nyumba ya kati, ya kukaa baada ya soba kabla ya kurudi kwao. Marekani wanazo, zinaitwa Oxford House, zilianza Maryland mwaka 1975. Hazina daktari wala msimamizi wa kulipwa. Wakaazi wanapanga nyumba ya kawaida mtaani, wanachangia kodi, wanachaguana viongozi, na anayerudia kutumia anatolewa kwa kura ya wenzake. Asiyevunja masharti hakuna anayemwambia muda wake umekwisha. Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, aliwafuatilia watu 150 waliomaliza matibabu, nusu wakapelekwa kwenye nyumba hizo na nusu wakapata huduma za kawaida. Baada ya miaka 2, waliokuwa wakitumia kati ya waliopelekwa huko walikuwa asilimia 31. Kwa wengine asilimia 65.

Sisemi tuige kila kitu. Kwetu kodi mara nyingi hudaiwa ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na vijana watano wasio na ajira hawana pa kuitoa. Bila mtu wa kuwadhamini mwanzoni, nyumba haianzi. Kabla ya godoro la kwanza kuingia, sheha awe na habari na majirani wawe wameongeleshwa, la sivyo wizi wa kuku wa shehia nzima utakuwa wao. Mwanamke ana mlima zaidi: nyumba za wanawake ni chache mno, na familia humficha kwa aibu wakati kaka yake anapelekwa soba mchana kweupe.

Liko na suala la methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtu badala ya unga, inayotolewa hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Unguja tangu 2015. Zipo nyumba zinazomkataa anayeinywa, kwa hoja kwamba hajaacha. Mimi sikubaliani nazo. Mtu anayekwenda kila siku kunywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha akaenda kibaruani, anahitaji kitanda kama mwengine yeyote. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, muulize mwenye nyumba mambo matatu: mnampokea wa methadoni, akiteleza mnamfanya nini, na siku ya kutoka mnamkabidhi kwa nani?