Je, wajua? Siku ya ziada Horombo husubiri figo, si miguu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayelala usiku wa pili Horombo, kambi iliyo kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro, anapumzisha miguu na kungoja damu iongezeke. Basi nikaona kijana mwenye mapafu ya mwanariadha anaweza kuiruka siku hiyo na kuokoa fedha, maana ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku. Nilikosea kote kuwili.

Damu kwanza. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kuongezeka kiasi cha kumfaa mpandaji, na safari nzima ya Marangu ni siku 5 au 6. Mazoezi nayo hayajaonekana kumkinga mtu na ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa kupanda juu upesi. Mwenye nguvu hata huweza kuponzwa na nguvu zake: miguu humfikisha juu kabla mwili haujajipanga. Hata oksijeni yenyewe niliielewa vibaya. Kileleni, mita 5,895, hewa ina asilimia 21 ya oksijeni kama ilivyo Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo, uliobaki karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo.

Kinachosubiriwa Horombo hasa ni figo.

Oksijeni ikipungua, mwili huamuru upumue haraka. Lakini kupumua haraka hufukuza pia kaboni dioksidi, gesi inayoipa damu uasidi. Damu ikiupoteza uasidi huo huelekea upande wa magadi, kinyume cha asidi, na hapo ubongo hutoa amri ya kinyume: punguza pumzi. Ni kama daladala inayopanda mlima, dereva kakanyaga mafuta huku breki ya mkono imevutwa nusu. Gari linakwenda, ila kwa tabu. Usiku breki hushinda: aliyelala huacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha pumzi hurudi kwa kishindo na kumwamsha. Zinazoilegeza breki ni figo, kwa kutoa kwenye mkojo bikaboneti, jamaa ya magadi. Kazi hiyo huanza mapema lakini huhitaji siku kadhaa kukamilika. Diamox, dawa inayotibu pia presha ya macho, humsaidia mpandaji kwa kuzisukuma figo zimwage bikaboneti upesi. Ndiyo maana anayeimeza hukojoa mara kwa mara.

Mwaka 1976 daktari Peter Hackett na wenzake walichapisha utafiti wa watembeaji 278 waliopita Pheriche, Nepal, mita 4,243. Zaidi ya nusu waliugua, na walioanza safari kwa ndege hadi Lukla, uwanja ulio milimani, waliugua zaidi ya waliotembea tangu chini. Leo madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja.

Sasa itazame Marangu. Kambi ya Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila hatua ni mita 1,000, mara mbili ya ushauri! Usiku wa ziada Horombo hupunguza pengo hilo, wala hauzibi. Waongoza wapandaji wanaposema “polepole” wako sahihi, ila kinachopimwa zaidi na watafiti ni urefu wa mahali unapolala, si kasi ya hatua. Yale matembezi ya mchana wa siku ya ziada hadi Zebra Rocks, miamba iliyo juu ya Horombo, na kurudi, “panda juu, lala chini”, yana ushahidi mwembamba kuliko usiku wenyewe. Bado ningeyafanya.

Jioni mwongozaji huuliza: kichwa kinauma? Unasikia kichefuchefu? Umechoka kupita kiasi? Kizunguzungu? Hayo ndiyo maswali manne ya Lake Louise, kipimo cha ugonjwa wa mwinuko kilichoanzia Kanada. La usingizi liliondolewa mwaka 2018, kwa kuwa huko juu hata mzima hulala vibaya. Mjibu kweli, hata kama kilele unakiona kutoka mlangoni.