Mbwa Keshafungwa Mdomo, Mafunzo ya Nini?

Mimi ni mfunza mbwa, na Jumamosi nimeulizwa tena, safari hii na kaka mmoja wa Nakuru tunayeishi naye huku Leicester, Uingereza: "Dada, si ameshafungwa mdomo? Mafunzo ya nini tena?" Ni mara ya nne mwezi huu. Naandika, wa tano nimtumie linki.

Mbwa mwenyewe ni XL Bully, aina ya mbwa wakubwa wenye misuli. Masharti mnayajua: tangu 1 Februari 2024, kwa England na Wales, kukaa na mmoja bila cheti cha msamaha, yaani kibali cha kubaki naye, ni kosa. Maombi yalikuwa pauni 92.40, mbwa ahasiwe, awe na chipu ya utambulisho, uwe na bima ya kuwalipa atakaowadhuru, na hadharani asionekane bila mnyororo na kifunga mdomo. Kuzalisha na kuuza kulipigwa marufuku mwisho wa 2023, kwa hiyo siletewi tena vitoto. Naletewa majitu mazima ya kilo 50 yenye tabia zilizokwisha komaa.

Kaka yule kanunua kile cha kitambaa, kinachobana taya kama soksi. Kile ni cha dakika chache kwa daktari wa mifugo, basi. Mbwa hatoki jasho kama wewe. Joto analitoa kwa kuhema, ulimi nje. Mbane taya umtembeze nusu saa mwezi wa Julai, uone. Tafuta kikapu, cha waya au plastiki, ambamo anafungua mdomo, anakunywa maji, anapokea kipande cha ini kwenye matundu. Pima akiwa anahema, usimpime amelala. Hawa vichwa vipana, pua fupi; vikapu vingi vya dukani vinawagusa macho.

Halafu, tafadhali, usimvishe kwa nguvu! Mtu anambana mbwa shingo, anamfunga mikanda, haooo bustanini. Mbwa njia nzima anajikwaruza uso, na akikutana na mwenzake kichwa kimeshachemka. Kesho akikiona tu yuko chini ya meza. Kifanye bakuli. Paka siagi ya karanga ndani, wewe shika tu, pua aingize mwenyewe na aitoe mwenyewe. (Mama yangu Tanga kila Idi huniuliza kama nimeshaiacha hii kazi ya udenda.) Siku tatu nne mikanda usiiguse. Kisha funga sekunde moja, ini, fungua. Kisha tano. Kisha avae sebuleni mkitazama taarifa ya habari, asije akajua kikapu maana yake sindano. Wengine wiki mbili, wengine sita. Dume mmoja niliyemfunza wakati wa baridi ilifika mahali anasukuma pua mpaka kikapu kinanitoka mkononi.

Mnyororo napita haraka: hanesi (mikanda ya kumvisha mwilini) yenye pete ya kifuani, ule unaojirefusha tupa, na aliye chini ya miaka 16 asimshike hadharani. Hiyo ya mwisho ni sheria.

Sasa kaka, jibu lako. Mdomo umefungwa, kilo 50 zimebaki palepale. Kikapu cha waya kikikupiga goti, utanitafuta.

Wateja hupenda niseme hakuna mbwa mbaya, ubaya ni wa mwenye mbwa. Sisemi. Wala sisemi ni damu tu, maana sheria yenyewe inapima umbo: dume kuanzia sentimita 51 begani, jike 48, pamoja na kichwa na kifua, wazazi hawaulizwi. Ninao mbwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wamelelewa nyumba moja. Mmoja analala mgeni akimruka. Wa pili anakaza mwili mtu akikanyaga kizingiti, na miezi minane sijajua kwa nini. Huyo wa pili ndiye anayeshika amri haraka kuliko wote niliowahi kufunza. Mpwa wangu akija, bado mbwa huyo namfungia chumba kingine.