Kuacha ARV hakupumzishi mwili

Mitaani Moshi bado utasikia mtu anayetumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, akiambiwa: "CD4 zako (chembe za kinga ya mwili) zimepanda, acha dawa kidogo mwili upumzike." Husemwa kwa upendo, lakini si kweli. Dawa hufubaza virusi, hazivimalizi. Vingine hulala ndani ya seli. Ukiacha kumeza, kwa wengi huamka ndani ya wiki chache, huzaliana, na CD4 huanza kushuka. Utafiti wa SMART, wenye washiriki 5,472 katika nchi 33, ulisitisha uandikishaji Januari 2006 baada ya kuonekana kwamba waliokatiza dawa walipata magonjwa nyemelezi na vifo zaidi, na hata maradhi ya moyo, figo na ini. Dawa zikikusumbua (zipo zinazosumbua kweli), mweleze mhudumu wa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) akubadilishie.