Shamba la Mpunga Lisilouzwa: Maisha na Mali katika Kijiji cha Waminangkabau

Nenda kijiji chochote cha wakulima kwenye miteremko ya mlima Marapi, magharibi mwa kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, uulize jaruba lile la mpunga ni la nani. Mama aliyekaa barazani atakwambia ni lake, kalirithi kwa mama yake. Kaka yake atasema ni la ukoo, na yeye ndiye msimamizi. Aliyemo jarubani, matope hadi magotini, atasema analima kwa nusu kwa nusu. Na mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili anaweza kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye saini na alama za vidole, kuonyesha kwamba jaruba hilo liko kwake kwa rehani ya dhahabu na sehemu ya mavuno ni haki yake hadi atakapolipwa. Hakuna anayedanganya hapo.

Sisi tunaofundisha sheria za ardhi huulizwa mara kwa mara kama ardhi ya ukoo si kikwazo cha maendeleo. Mimi huwapeleka wauliza swali kwa Waminangkabau, wenyeji wa miteremko hiyo, kwa sababu wao wamekaa na ardhi isiyouzwa kwa karne nyingi, wana dini ile ile ya watu wa pwani yetu na madhehebu yale yale ya Shafii, na bado shamba linapita kwa mama kwenda kwa binti. Atakayeelewa jinsi wanavyokwenda na mambo hayo ataelewa pia gharama yake, kwa maana gharama ipo.

Kwanza mahali penyewe. Tuache Jakarta na fukwe za Bali. Hapa ni bara, milimani, katika wilaya za Agam, Tanah Datar na Limapuluh Kota. Kijiji huitwa nagari, na nagari ya Pariangan, iliyoko ubavuni mwa Marapi, ndiyo inayotajwa na masimulizi yao kuwa chimbuko la kabila. Marapi una urefu wa mita 2,891 na ni volkano hai. Majivu yake ndiyo yaliyorutubisha ardhi, na hasira zake zinaumiza: Desemba 2023 ulilipuka na kuua wapanda mlima 24, na usiku wa tarehe 11 Mei 2024 mvua ilishusha mawe na majivu yaliyolundikana kileleni, watu zaidi ya 60 wakafa na majaruba mengi ya Agam na Tanah Datar yakafukiwa. Mpaka wa shamba ukishafukiwa namna hiyo, anayebaki kuujua ni jirani. Ndiyo maana kila makubaliano ya ardhi huku huwataka majirani wa mpakani wawe mashahidi.

Maisha ya kijiji huzunguka maji na mpunga. Mifereji hushuka kutoka mlimani, jaruba la juu likijaa maji hufunguliwa la chini. Wanaume hulima kwa nyati wa kufugwa au siku hizi kwa pawatila, wanawake hupandikiza miche. Karibu na nyumba kuna bwawa la samaki, juu mlimani kuna kahawa na midalasini. Nyumba kuu ya ukoo, rumah gadang, ina paa lililopinda ncha zake kama pembe za nyati. Zamani liliezekwa kwa nyuzi za mti wa jamii ya mnazi, sasa ni bati. Mbele yake husimama maghala madogo ya mpunga yenye miguu mirefu. Kwa desturi kila ghala lilikuwa na kazi yake: moja la chakula cha kila siku na cha kuwasaidia wenye shida, moja la mpunga wa kuuza ili kununua yasiyolimwa kijijini, na moja halifunguliwi mpaka njaa ije. Siku hizi maghala mengi ni pambo tu, maana mpunga huenda moja kwa moja kinuni.

Sasa tuje kwenye mali. Waminangkabau hutenga mali mbili. Kuna mali kuu ya urithi, harta pusaka tinggi: majaruba, kiwanja cha nyumba kuu, na cheo cha uzee wa ukoo. Hii ni ya watu wote waliotoka kwa bibi mmoja upande wa mama, waliopo na watakaozaliwa. Kila mwanamke mwenye familia hugawiwa kipande cha kutumia. Hula mavuno yake, na akifa binti zake wanaendelea. Haki ya kuuza hapewi. Halafu kuna mali ya kuchuma, ile mtu aliyoipata kwa jasho lake na mwenziwe wa ndoa: duka, basi dogo, shamba la kununua, mashine ya kukoboa.

Mjomba ndiye mlinzi wa mali kuu. Mwanamume husimamia mashamba ya dada zake kwa faida ya wapwa zake, na jioni hurudi kulala kwa mkewe, ambako mali si yake. Msemo wao humwita mume majivu juu ya kisiki: upepo ukivuma hapo, kazi imekwisha. Zamani hata kijana wa kiume hakuwa na chumba nyumbani kwa mama yake. Alilala surau, nyumba ya sala na masomo, na akikua akasafiri kutafuta maisha. Safari hiyo, merantau, ndiyo iliyojaza Jakarta, Medan na Pekanbaru migahawa ya chakula cha Padang. Siku hizi familia nyingi huishi baba, mama na watoto katika nyumba ya matofali, na baba ndiye anayelipa ada. Neno la mjomba limepungua uzito. Lakini ukifika wakati wa kuweka rehani au kukata kipande cha ardhi, bado saini yake inatafutwa.

Nyumba yenye watoto wa kiume watupu ina msiba wa aina yake. Ukoo usipozaa binti huhesabiwa kuwa umekatika, na ardhi yake huhamia kwa tawi la karibu la damu hiyo hiyo. Kesi nyingi ngumu huanzia hapo, kwa kuwa kila tawi hudai kuwa ndilo la karibu.

Msomaji wa Lamu au Unguja ameshaanza kuuliza: na mirathi ya Kiislamu je? Swali hilo liliwapiganisha wenyewe. Vita vya Padri, vilivyoanza 1803 kwa wanazuoni wa Kiislamu walioitwa Padri, waliotaka kusafisha mila na vikaishia 1837 kwa ushindi wa Waholanzi, viligusa pamoja na mengine ugomvi wa mila na dini. Baadaye Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu wa Mashafii huko Makka na kufariki 1916, aliandika kwa ukali kwamba kurithisha wapwa na kuwaacha watoto ni dhuluma. Miongoni mwa wanafunzi wake ni waasisi wa jumuiya mbili kubwa za Kiislamu za Indonesia, Muhammadiyah na Nahdlatul Ulama. Mwanafunzi wake mwingine, Haji Rasul wa Maninjau, alikuja na hoja ya busara: mali kuu si urithi wa aliyekufa jana, ni kama wakfu uliowekwa na wazee wa kale, na wakfu haugawanywi. Wenye nyumba za wakfu wa familia katika miji yetu ya pwani wataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Wangazija nao wana manyahuli, nyumba na mashamba yanayopita upande wa mama, na wao pia ni Mashafii.

Mwaka 1952 wanazuoni, wazee wa mila na wasomi walikutana Bukittinggi wakakubaliana: mali kuu ifuate mila, mali ya kuchuma ifuate faraidhi, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu. Tuone inavyofanya kazi. Bwana mmoja amefariki; wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Alichochuma pamoja na mkewe kina thamani ya rupia milioni 160. Kwanza nusu, milioni 80, ni ya mke kama mshirika. Mila ilisema hivyo tangu zamani, na mkusanyo wa sheria za Kiislamu wa Indonesia wa 1991 unasema hivyo hivyo. Milioni 80 zinazobaki ndizo mirathi: mke thumni, sehemu moja ya nane, yaani milioni 10, mtoto wa kiume milioni 35, kila binti milioni 17 na nusu. Majaruba aliyoyasimamia kwa dada zake hayaingii katika hesabu hata chembe. Watoto wake wanayo ya mama yao.

Basi ardhi isiyouzwa hupatia watu fedha kwa njia gani? Kwa rehani, na hapa ndipo soko halisi la ardhi ya kijiji lilipo. Mila inaruhusu mali kuu kuwekwa rehani kwa dhiki nne: nyumba kuu inavuja, binti mtu mzima hajaolewa kwa kukosa gharama, maiti imelala ndani na hakuna cha kuzikia, au cheo cha uzee wa ukoo kimezama na lazima kiinuliwe kwa sherehe. Watu wa leo wameongeza hospitali na chuo kikuu, na wazee wengi hufumba macho.

Mkopo huhesabiwa kwa dhahabu, kwa kipimo kiitwacho emas, ambacho huko ni gramu 2.5. Mkopeshaji hutoa, tuseme, emas ishirini au thamani yake. Hukabidhiwa jaruba na kula mavuno mpaka dhahabu ile ile irudishwe. Hakuna tarehe ya mwisho, na shamba halipotei hata wajukuu wakija kulikomboa. Mara nyingi mwenye jaruba hubaki humo humo akililima, ila sasa nusu ya mpunga anampelekea mwenye rehani. Mzee wa Pemba au Unguja anayekumbuka habari za bei ya khiyari, kuuza kwa sharti la kukomboa, kwenye mashamba ya mikarafuu, mwenye shamba akigeuka kuwa mpangaji wa alichokuwa nacho, hatashangaa.

Dhahabu inamlinda mkopeshaji dhidi ya kushuka kwa rupia, na inamwelemea mkopaji pale dhahabu inapopanda kuliko mpunga. Jaruba moja linaweza kukaa rehani miaka thelathini, deni limeshalipwa kwa mavuno mara kadhaa, na dhahabu bado inadaiwa yote. Dola liliona hivyo: sheria namba 56 ya 1960, kifungu cha 7, inasema shamba lililokaa rehani miaka 7 au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo yoyote. Sheria ni nzuri na mahakama imeitumia, lakini vijijini wengi huona ni aibu kumnyang'anya jirani aliyekuokoa siku ya maziko ya mama yako, tena jirani huyo huenda ni shangazi wa mkeo. Kwa maoni yangu aibu hiyo huwagharimu maskini zaidi kuliko matajiri, na wanaotoa msaada wa sheria wangefanya vyema kuanzia hapo. Kwa kawaida anayekomboa ni mtoto wa kiume aliyeko Jakarta, akituma fedha kwa ajili ya shamba ambalo hatalila yeye wala watoto wake.

Serikali nayo imekuwa ikija na kuondoka. Waholanzi walilazimisha kahawa ilimwe na kuuzwa kwao kuanzia 1847, wakaacha 1908 na kuleta kodi ya fedha, watu wa nagari ya Kamang wakaasi mwaka huo huo. Sheria ya 1979 ilitaka vijiji vyote vya Indonesia viwe vya muundo mmoja, nagari zikakatwa vipande. Kanuni ya mkoa ya mwaka 2000 ikazirudisha. Tangu 2017 kuna kampeni kubwa ya kupima na kutoa hati kwa kila kipande cha ardhi nchini.

Hati inaweza kutolewa kwa jina la ukoo. Wanaukoo huandaa mti wa nasaba, majina yote kuanzia bibi wa kwanza. Wazee wa ukoo hutia saini, baraza la mila la nagari huthibitisha, majirani wa mipaka hushuhudia. Hatari iko katika jina linaloandikwa juu. Mjomba akiandikwa peke yake, bila orodha ya wenziwe, siku akifa watoto wake wana karatasi ya kudai kwamba jaruba lilikuwa chumo la baba. Kwa hiyo ushauri wetu kwa yeyote anayepima ardhi ya ukoo, huko au kwingineko, ni majina yote yaingie, ya wanawake yakiwa ya kwanza. Ugomvi ukifika mahakamani hugawanyika: chumo la Mwislamu huamuliwa na mahakama ya dini, mali kuu na mahakama ya kawaida, na familia moja inaweza kusimama kwenye zote mbili kwa kifo kimoja.

Kuna mali isiyokaa sawasawa upande wowote. Mwanamume hupanda midalasini kwenye kilima cha ukoo wake. Ardhi ni mali kuu, miti ni jasho lake, kama mnazi wa pwani unavyoweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye kiwanja. Midalasini ni benki ya mkulima wa milimani: huachwa ikue miaka kumi hivi, ikachunwa magome siku ya harusi au ada. Akifa, watoto wake huja kuvuna miti na wapwa zake hupokea kilima. Lakini mdalasini ukikatwa kisiki chake huchipua tena, na machipukizi hayo hayakupandwa na mtu. Baraza la mila huitisha kikao, kahawa huletwa, na pande zote mbili huja na mashahidi.