Mahujaji, tazameni saa kabla ya kufungua boksi la wali

Kila msimu wa Hija unapokaribia, kwenye dawati letu la afya uwanja wa ndege maswali ni yaleyale. Samaki wa kukaanga wanapita? Maandazi je? Na wapo wasiouliza, wanafungasha tu.

Utaratibu ni huu. Saudi Arabia hairuhusu msafiri kuingia na vyakula vibichi wala mazao ya shambani. Kinachokubaliwa ni chakula cha kopo au kilichofungwa vizuri, au kilicho kwenye chombo kinachofunguka kwa urahisi ili kikaguliwe, na kiasi chake kimtoshe mtu mmoja kwa muda wa safari yake. Mtu mmoja, si kundi zima la kutoka mtaa mmoja. Kisichotimiza masharti unaweza kunyang'anywa palepale, na kubishana na mkaguzi kunachelewesha wenzako wote walio nyuma yako. Miraa usiguse kabisa: kule ni dawa ya kulevya, na hapa Tanzania pia. Furushi la mtu mwingine usilojua ndani mna nini, usilibebe hata kama ni la shemeji yako.

Cheti cha homa ya manjano unacho, vizuri. Lakini hakikukingi na kuharisha, na nasikitika kwamba bado tunalazimika kulisema hili.

Kinachonihangaisha zaidi ni boksi la wali, lile la sadaka mnalogawiwa kule. Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Sasa mtu anapewa pilau mchana, anakula nusu, nusu anaiweka chini ya mkeka hadi baada ya Isha. Ukimwambia, anajibu: "Nitaipasha moto." Kupasha moto hakusaidii! Kwenye wali uliokaa huota bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu yake ya kutapisha haiharibiwi na moto wa jikoni. Chakula cha sadaka ni neema, nacho kina saa zake pia. Kile usichoweza kukimaliza, mpe mwenzako kikiwa bado cha moto.

Ukiharisha, changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa maji ya chupa iliyofungwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na unywe kidogo kidogo. Ukiona damu au ukapata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimeze vidonge alivyobakiza mwenzako.

Halafu maziwa ya ngamia. Kuyaona yakikamuliwa mbele yako si dalili ya usalama. Yakiwa mabichi yanaweza kukuambukiza brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, na ngamia ndio hifadhi ya kirusi cha MERS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, kilichotambuliwa mwaka 2012. Yakichemshwa, kunywa bila wasiwasi.

Brusela haina haraka. Huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kurudi, kwa homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na hapa kwetu kila homa huitwa malaria au taifodi. Kipimo cha malaria kikikosa kitu, usiondoke na dawa za kubahatisha. Mwambie daktari ulitoka Hija, ulikunywa maziwa mabichi, na tarehe uliyoyanywa.