Upasuaji wa kupunguza matiti: mambo ya kujua kabla ya kutia sahihi

Katika miezi ya karibuni, huduma yetu ya upasuaji hapa Lubumbashi imepokea malalamiko ya aina mbili. Ya kwanza yanatoka kwa wanawake waliopaka krimu zinazouzwa sokoni na kwenye simu kwa ahadi ya kupunguza matiti, nao hutufikia ngozi ikiwa imekwisha kuungua. Ya pili yanatoka kwa waliopasuliwa bila kuelezwa kwamba watabaki na makovu, na sasa wanaamini kwamba waliharibiwa, hata pale ambapo kazi ilifanyika vizuri.

Tuanze na krimu, kwa sababu swali hili linarudi kila wiki na jibu halibadiliki: hakuna krimu, kidonge wala sindano ya mtaani inayopunguza titi. Titi limejengwa kwa tezi na mafuta ndani ya ngozi, na kinachopakwa juu hakilifikii. Baadhi ya krimu hizo zina dawa kali za jamii ya kotikosteroidi, kama klobetasoli, ambazo ndizo zilezile zinazotiwa katika mkorogo wa kujichubua. Dawa hizi zikitumika kwa muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi ya namna hiyo huchanika chini ya uzi wa kushonea na kukawia kufunga. Kwa hiyo tukikuuliza kuhusu mkorogo, hatukuulizi ili kukuhukumu. Tunataka kujua kama mshono utashika.

Upasuaji wenyewe ni matibabu, na inatusikitisha kuendelea kusikia kwamba ni mambo ya urembo ya wenye pesa. Mwanamke ambaye kila titi lake limepita kilo moja na nusu anabeba mzigo huo mchana kutwa bila kuutua. Tukimpima tunaona mifereji iliyochimbwa mabegani na kamba za sutien (sidiria). Shingo na mgongo humuuma, vidole wakati mwingine humfa ganzi, na chini ya matiti kuna upele unaonuka, ambao hukauka kidogo wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, kisha hurudi mvua na joto vinapoanza. Mwanamke huyu hatafuti sifa. Hata hivyo, si kila anayekuja hupasuliwa. Mwenye uzito mkubwa wa mwili mzima huombwa kwanza aupunguze, kwa kuwa sehemu ya titi ni mafuta na huenda likapungua pamoja na mwili, na kwa kuwa vidonda vya mtu mnene hupona kwa shida. Aliyetoka kunyonyesha husubiri angalau miezi sita baada ya kumwachisha mtoto ziwa. Msichana husubiri mpaka matiti yaache kukua, isipokuwa katika ugonjwa adimu ambao matiti ya kijana hukua kupita kiasi kwa miezi michache, na huyo tunamshughulikia kwa namna ya pekee.

Sasa makovu. Mgonjwa analazwa kwa usingizi kamili, na kazi huchukua kati ya saa mbili na nne. Mpasuaji huondoa sehemu ya tezi, mafuta na ngozi, kisha hupandisha chuchu mahali papya ikiwa bado imeshikamana na shina la nyama linaloipa damu. Kwa matiti makubwa sana, mshono huzunguka weusi wa chuchu, hushuka wima, kisha hupita chini katika mkunjo wa titi, na jumla yake hufanana na nanga. Kovu hilo halifutiki. Huwa jekundu au jeusi na gumu kwa miezi kadhaa, na hulainika polepole hadi mwaka mmoja au mwaka na nusu. Kwa ngozi nyeusi kuna hatari zaidi ya kovu kuvimba na kuwa keloidi, yaani kovu nene linaloendelea kukua. Ndiyo maana tunaangalia alama ya chanjo mkononi mwako na matundu ya hereni masikioni. Ikiwa alama hizo zimevimba, tunalizungumza jambo hilo mapema, na wapo tunaowashauri wasipasuliwe.

Kuna mambo mengine ambayo lazima uyasikie kabla, hata kama hayapendezi. Hisia za chuchu huweza kupungua, kwa muda au moja kwa moja. Matiti mawili hayatalingana kabisa, kama yasivyolingana kabla. Mara chache damu haifiki vizuri na chuchu hupotea. Kuhusu kunyonyesha, wengi wananyonyesha baadaye, lakini maziwa huweza yasitoshe. Pale chuchu inapolazimika kuondolewa na kupandikizwa upya, mirija ya maziwa hukatika na titi hilo halitanyonyesha tena. Anayepanga kuzaa karibuni ni afadhali azae kwanza, na mimba au unene wa baadaye huweza kuyakuza matiti upya. Wengine wanaogopa kwamba kisu huleta kansa. Sivyo. Wanawake waliofanyiwa upasuaji huu wamefuatiliwa kwa miaka mingi Uswidi na Denmark, na walionekana kuwa na hatari ndogo kidogo ya kansa ya matiti kuliko wengine. Hata hivyo tunafanya ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) kabla, na mamografia (picha ya eksirei ya matiti) kwa waliofikisha miaka 40, na nyama iliyoondolewa inapaswa kupelekwa maabara kuchunguzwa. Dai majibu hayo kwa maandishi.

Juu ya idhini tunaomba tusikilizwe vizuri, kwa maana hapa ndipo familia hugombana mlangoni mwetu. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyorekebisha Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliondoa sharti la idhini ya mume lililokuwa likimbana mke. Fomu ya kukubali upasuaji hutiwa sahihi na mgonjwa mwenyewe, mradi ametimiza miaka 18. Tunafurahi mume anapokuja, aulize na aelewe, kwa sababu yeye ndiye atakayesaidia nyumbani. Lakini hawezi kusaini kwa niaba ya mke mwenye akili timamu, na hawezi kudai kusoma faili yake, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamwadhibu mganga, yaani daktari, anayetoa siri ya mgonjwa. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi wa kisheria ndiye anayesaini, naye msichana husikilizwa kando, bila mzazi. Sahihi haimfungi mtu: unaweza kubadili nia hata asubuhi ya siku ya upasuaji, na hakuna atakayekunyima matibabu mengine kwa sababu hiyo.

Kabla ya siku yenyewe tunapima damu, sukari, drepanositozi (ugonjwa wa selimundu) na mimba. Acha sigara wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa sababu inabana mishipa midogo inayolisha chuchu. Tuambie kuhusu aspirini na kuhusu kila dawa ya mizizi unayokunywa, kwa kuwa baadhi huzidisha kutoka damu. Omba bei kwa maandishi, ionyeshe usingizi, vipimo, dawa, siku za kulazwa, kufunga vidonda na uchunguzi wa maabara. Magomvi mengi ya pesa hutokana na bei iliyotajwa mdomoni ambayo haikuhesabu hata bandeji.

Nyumbani ndiko kazi nyingi huharibikia. Kwa wiki sita hutasonga bukari, hutatwanga sombe, hutanyanyua bidoni ya maji, na hutabeba mtoto mgongoni, kwa sababu kitenge kinachofungwa mbele hukaza juu ya mshono. Vaa usiku na mchana sutien ya kubana isiyo na waya. Wanaotoka Likasi au Kolwezi wapange kulala mjini mpaka bandeji za vidonda zifunguliwe mara ya kwanza, kwani mitikisiko ya barabara haimfai mtu aliyeshonwa juzi. Na tafadhali, homa baada ya upasuaji si malaria mpaka ipimwe. Tumeona wagonjwa waliomeza dawa za malaria kwa siku kadhaa huku usaha ukijaa ndani ya titi. Titi moja likivimba na kuwa gumu ghafla, chuchu ikiwa nyeusi na baridi, shavu la mguu likiuma au pumzi ikikata, usisubiri siku ya miadi, njoo hata usiku.

Mwisho, anayekupasua awe ameandikishwa katika Chama cha Waganga (Ordre des Médecins, chama cha madaktari), kilichoundwa na sheria ya mwaka 1968, na una haki ya kumwomba namba yake. Kutibu bila ruhusa ni kosa la jinai tangu dekreti ya tarehe 19 Machi 1952, na mwenye nyumba anayekodisha chumba kwa kazi hiyo asidhani kwamba yeye hataulizwa. Ukiwa na lalamiko, rudi kwanza kwa aliyekupasua. Usiporidhika, liandikie baraza la jimbo la Chama hicho barua yenye tarehe, ukiambatanisha nakala ya ripoti ya upasuaji, majibu ya maabara, stakabadhi za malipo na picha za kabla na baada. Nakala hizo ziombwe siku ya kutoka hospitali, wakati faili bado iko mezani.